Posa ya Mezani

"Nampenda binti yako kwa moyo wangu wote, na leo nimekuja mbele yako kumposa. Nimekosea wapi?"

Yadira Cantú alimkodolea macho. Kalamu ilikuwa imemdondoka mkononi ikabingirika mpaka chini ya meza, na masikio yalimvuma kama mtu aliyezama majini.

"Yadira? Nimekosea wapi?"

"Huja... hujakosea popote, Henning."

"Hata neno moja?"

"Hata nukta."

Henning Brockmann akapiga meza kwa furaha, vikombe vikaruka. Alikuwa Mjerumani mrefu, mhandisi wa kiwanda cha pampu, nywele za rangi ya mchanga, na akicheka vishimo viwili vinachimbika mashavuni. Vishimo hivyo, jamani, ndivyo vilivyoanza kumponza mtoto wa watu.

Kengele ikalia.

"Badilisheni meza!" akapaza sauti Bi Trudy Oelkers, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba. "Kihispania kimetosha! Atakayebeba lugha ya meza aliyotoka ataosha vikombe!"

Huo ulikuwa ukumbi wa chini wa kanisa, mjini New Braunfels, Texas. Kila Jumanne na Alhamisi jioni Bi Oelkers alipanga meza tatu: ya Kiingereza, ya Kijerumani na ya Kihispania. Hakuna ada. Unamfundisha mwenzako lugha yako, naye anakufundisha yake, wawili wawili. Wameksiko walikuja, Wajerumani wa kiwandani walikuja, na wenyeji waliokulia hapo hapo nao walikuja kuitafuta lugha ambayo babu zao walizikwa nayo.

Mmoja wa wenyeji hao alikuwa Wendell Kneupper, fundi wa mabomba ya kumwagilia mashamba. Babu yake aliongea Kijerumani mpaka siku ya kufa, yeye alikuja hata salamu hajui. Kihispania chake ndiyo balaa. Anaanza sentensi kwa Kihispania, anaimalizia kwa Kiingereza, kisha anaomba radhi kwa Kijerumani kibovu. Vikombe vya ukumbi ule aliviosha yeye karibu kila jioni.

Siku ya kwanza kabisa Bi Oelkers aliwapa sheria moja.

"Hapa mezani hatuulizani ukweli," alisema. "Tunaulizana usahihi tu. Unataka kuwa mfalme, kuwa. Unataka wake saba, oa. Mradi sentensi yako imesimama wima. Mkishatoka mlangoni, kila mtu arudi na maisha yake."

Watu walicheka. Wendell akasema ana jumba la vyumba mia. Yadira akasema yeye ni rubani wa helikopta na ana mapacha watatu.

"Mapacha watatu!" Henning akadakia. "Na baba yao nani?"

"Bado namtafuta."

Vishimo vikachimbika. Enyi mabinti mnaosoma hapa, ishikeni ile sheria ya Bi Oelkers, maana Yadira aliicheka, halafu akaisahau.

*

Meseji zilianza wiki ya tatu. Yadira alikuwa mapokezini kwenye kliniki ya meno alikokuwa akifanya kazi, simu ikatetemeka mfukoni.

*Asubuhi nikiamka, jina lako ndilo la kwanza mdomoni. Nimekosea wapi?*

Akaisoma, akaisoma tena. Mgonjwa mwenye shavu lililovimba akamuuliza kitu, hakusikia.

*Usiseme mdomoni,* akamjibu. *Sema moyoni. Ni tamu zaidi.*

*Asubuhi nikiamka, jina lako ndilo la kwanza moyoni. Sasa je?*

*Sasa umenimaliza.*

Ikawa ndiyo chai yake ya kila siku. Henning anatuma sentensi, Yadira anaipiga pasi, anaitia chumvi na asali, anairudisha. *Bila wewe mji huu ni karatasi tupu.* Hiyo aliitunga yeye karibu yote. *Nitajenga nyumba yenye dirisha la kukutazamia ukirudi.* Henning aliandika mlango, Yadira akaweka dirisha. Mtu mwenye macho angeona kwamba binti alikuwa anajiandikia mwenyewe barua za mapenzi. Lakini macho ya Yadira wakati huo yalikuwa likizo.

Jumamosi moja wakaenda mtoni Comal, wakakaa kwenye nyasi wakitazama watu wanaoelea juu ya maboya. Henning akaacha kuongea. Akamgeuza uso kwa kidole kimoja, akambusu.

Yadira akacheka, pumzi zimembana.

"Na hii ni ya meza gani?"

Henning naye akacheka.

*

"Mama, unajua kijiko ni mwanaume?"

Bi Eulalia, mama yake Yadira, alikuwa anageuza chapati za mahindi jikoni kwa vidole vitupu. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka barabara.

"Nani kasema?"

"Wajerumani. Kijiko mwanaume, uma mwanamke, kisu si mume wala mke."

"Kisu kina akili. Kimekaa kando kinawatazama wenzake wanavyohangaika."

"Mama bwana! Halafu kuna sentensi zao, kitenzi kinakaa mwisho kabisa. Unamsikiliza mtu mpaka mwisho ndipo ujue anakupenda au anakufukuza."

"Na huyo wako ameshafika mwisho?"

Yadira akaanza kupanga vijiko. Bi Eulalia akaweka chapati chini.

"Mwanangu, nakuuliza mimi niliyekuzaa. Amesema atakuoa?"

"Kila siku anasema!"

"Kwenye somo au nje ya somo?"

"Mama, mapenzi ni mapenzi."

"Kile chuo cha uuguzi San Antonio wanataka jibu lini?"

"Jumatatu ya wiki ijayo ndiyo mwisho."

"Thibitisha kwanza. Ndoa haina miguu, haitakimbia."

"Nithibitishe nini, Mama, wakati nahamia Ujerumani? Kwa nini nakesha na jinsia za vijiko? Unadhani nafurahia?"

"Nafasi hiyo umeitafuta miaka miwili, Yadira! Ulilia siku waliyokukataa, ukalia siku waliyokukubali. Leo unaitupa kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi hata kumpa maji ya kunywa!"

"Basi utampa! Jumapili anakuja!"

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri. Bi Eulalia akashika kiuno.

"Anakuja kufanya nini?"

"Kuniposa. Hotuba ameshaiandaa, nimeisikia kwa masikio yangu."

Alhamisi jioni, kwenye meza ya Kihispania, Yadira akamwinamia Henning.

"Ile hotuba yako. Njoo Jumapili uiseme nyumbani kwetu, mbele ya mama na mjomba wangu."

Macho ya Henning yakang'aa. "Mbele ya familia halisi ya Kimeksiko? Yadira, wewe ni malaika! Hayo ndiyo mazoezi ninayoyahitaji!"

Yadira alisikia neno *malaika*. Neno *mazoezi* lilipita pembeni kama basi la mji mwingine.

"Nije na nini?"

"Maua. Na mshenga, mtu mzima wa kuheshimika. Kwetu kijana haji peke yake."

"Bi Oelkers basi!" Akageuka, akaita: "Bi Oelkers! Jumapili tumealikwa chakula kwa kina Yadira!"

"Chakula sijawahi kukikataa," Bi Oelkers akajibu kutoka meza ya Kiingereza. "Ila macho yangu hayaendeshi gari siku hizi. Wendell, utanipeleka?"

Wendell, mikono imejaa vikombe vichafu, alimtazama Yadira muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Nitakupeleka, Bibi," akasema.

*

Jumapili baada ya misa nyumba ilinukia pilipili kavu na chokoleti. Bi Eulalia alikuwa amepika mole, mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, tangu Ijumaa, na tamales, maandazi ya mahindi yaliyofungwa kwenye maganda, zilikuwa zinafuka kwenye sufuria kubwa. Mjomba Chema, kaka yake Bi Eulalia, alikuwa amekaa kiti cha mbele na kofia yake mpya, amekunja uso kama hakimu. Yadira alivaa gauni jeupe lenye maua mekundu kifuani. Viganja vilimtoka jasho mpaka akavifuta kwenye pazia.

Kengele ya mlango ikalia.

Henning aliingia na waridi, koti limenyooka. Nyuma yake Bi Oelkers, na nyuma yao Wendell kabeba bakuli la kachumbari ya viazi, amesimama mlangoni kama mtu aliyeleta mzigo na hajui auweke wapi.

"Karibuni, karibuni," Bi Eulalia akasema. "Kaeni. Wewe kijana wa viazi, ingia, usinitazame hivyo."

Henning akaegemeza simu yake kwenye chombo cha maua mezani, karibu na Mjomba Chema. "Nijirekodi," akamnong'oneza Yadira. Kisha akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi.

"Bibi, na wazee mliopo. Mimi ni mgeni, lugha yenu naijifunza bado. Lakini kuna jambo moja nalijua bila kujifunza. Kabla ya kumjua binti yenu, dunia ilikuwa karatasi tupu."

Mjomba Chema akakunjua uso.

"Nitamjengea nyumba yenye dirisha la kumtazamia akirudi. Nampenda kwa moyo wangu wote, na leo nimekuja mbele yenu kumposa."

Bi Eulalia, mwanamke ambaye hakulia hata kwa kitunguu, alikuwa anafuta macho kwa aproni.

"Nimekosea wapi?" Henning akauliza, vishimo vyote viwili nje.

Nyumba nzima ikaangua kicheko cha furaha.

"Hujakosea, kijana!" Mjomba Chema akanguruma. "Hujakosea popote! Dada, mimi nasema tumpe!"

"Tumpe nini?" akauliza Bi Oelkers, miwani imemshuka puani. Lakini hakuna aliyemsikia, maana wakati huo huo simu ikalia. Mjomba Chema, akitaka kuinyamazisha isiharibu shughuli, akaibonyeza kwa kidole chake kinene. Ikapokelewa. Uso wa msichana mzuri ukajaa kioo.

"Mpenzi! Hotuba imekwendaje? Nimeshindwa kusubiri! Mwenzio huku Puebla, Meksiko, baba ameshanunua mbuzi wa posa ya Jumamosi!"

Bi Eulalia akaishusha aproni.

"Hii nini?" Mjomba Chema akauliza, simu mkononi kama ameshika nyoka.

"Shikamoo mzee! Mimi Berenice, mchumba wake Henning. Nyie ndio mliojitolea kumfanyisha mazoezi ya posa? Mungu awabariki! Nioneshe huyo mwalimu wake nimshukuru, yule bibi wa miaka sabini."

Bi Oelkers akanyoosha mkono polepole. "Wa miaka sabini ni mimi, mwanangu. Ila mimi simfundishi Kihispania. Sikijui vya kutosha. Anayemfundisha ni huyu."

Wendell alikuwa ameweka viazi chini. Henning alikuwa mweupe kama bakuli la viazi hivyo.

Yadira akanyoosha mkono. "Mjomba, nipe simu."

"Mwanangu, acha nimvunje huyu..."

"Nipe, Mjomba."

Akamtazama msichana yule. Berenice akaliona gauni, akayaona macho.

"Dada," Berenice akasema, sauti imeshuka, "mbona umevaa kama unayeposwa?"

"Nikuulize kwanza, dada. *Asubuhi nikiamka, jina lako ndilo la kwanza moyoni.* Hiyo umewahi kuisoma?"

Berenice akaisogeza simu karibu na uso.

"Hiyo naijua kwa kichwa. Wewe umeijuaje?"

"Hapo kwenye moyoni nimeweka mimi. Yeye alikuwa ameandika mdomoni."

Berenice akafumba macho.

"Yadira, sikiliza!" Henning akapata ulimi. "Yalikuwa ya mezani! Bi Oelkers alisema wazi, hatuulizani ukweli! Mimi sikukuahidi kitu!"

"Mezani, Henning," Bi Oelkers akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya miaka arobaini ya darasani. "Unaona meza yangu hapa?"

"Na mtoni?" Yadira akauliza. "Mto wa Comal una meza? Siku ile nilikuuliza ni ya meza gani, ukacheka."

"Mtoni kulikuwa na nini?" Berenice akauliza kwenye simu.

Henning akafungua mdomo. Lugha tatu anazo, hakupata neno hata katika moja.

"Alinibusu," Yadira akasema. "Mimi sikujua kama upo, dada. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Ningejua, nisingeigusa hata koma moja ya barua zako."

"Nakuamini. Mtu aliyeandika yale maneno hawezi kuwa mwongo." Berenice alikuwa analia na kucheka pamoja. "Kwa hiyo miezi minne yote nimempenda mwanamke wa Texas bila habari! Henning."

"Ndiyo, mpenzi."

"Jumamosi usije. Mbuzi tutamla wenyewe."

Kioo kikawa cheusi.

Mjomba Chema akasimama, kofia imekaa upande. Bi Eulalia akamzuia kwa kiganja.

"Mwache. Kijana, maua yako hayo, chukua. Nyumba hii tunapokea maua ya mtu anayejua anampelekea nani."

Henning akapita katikati yao na waridi zake, na mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, maana hata kuubamiza hakuwa na uso.

*

Yadira alilia jikoni, kichwa kimeegemea jokofu. Bi Eulalia alimshika mgongoni bila kusema "nilikuambia". Mama mwenye moyo huwa anaimeza hiyo, hata ikimkwama kooni.

"Mama, nimekuwa mjinga."

"Ulipenda. Ujinga ungekuwa kuitupa kesho yako kwa ajili ya sentensi. Hujaitupa bado. Simu yako iko wapi?"

Yadira akaitoa. Akafungua ukurasa wa chuo cha uuguzi, akabonyeza *Nathibitisha* kwa kidole chenye mole, kioo kikabaki na doa la kahawia.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, Mama."

"Basi nawa uso, chakula kinapoa."

Sebuleni Bi Oelkers alikuwa anajipepea mdomo kwa pilipili, Mjomba Chema anamwonesha jinsi ya kumenya tamales. Wendell alikula sahani tatu. Kisha akainuka, akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha vyombo kwa mazoea tu, kama yuko ukumbini.

"Wewe huyo!" Bi Eulalia akashangaa. "Nani kakutuma?"

"Samahani, Bibi. Nikiona sahani chafu najua nimekosea lugha."

Yadira akacheka na kamasi puani. Hakutegemea kucheka siku ile.

*

Agosti alianza chuo San Antonio. Henning kiwanda kilikuwa kimeshamrudisha kwao. Wasichana wa darasani walimwambia Yadira asirudi tena kwenye zile meza, watu watamcheka. Alirudi Alhamisi ya kwanza kabisa. Kijerumani alikuwa anakitaka sasa kwa ajili yake mwenyewe. Kuna wazee wa mji ule ambao wakiumwa sana wanaomba maji kwa lugha ya mama zao, na muuguzi anayewaelewa ni dawa ya kwanza.

Jioni moja ya Oktoba kengele ililia, akahamia meza ya Kihispania. Aliyekaa mbele yake ni Wendell, masikio mekundu, kofia anaizungusha mikononi.

"Nina sentensi," akasema.

"Subiri." Yadira akaweka kalamu chini. "Ni ya mezani au ya nje?"

Wendell akafikiri. Kisha akainuka, akasogeza kiti mahali pake, akatembea mpaka mlangoni, akatoka. Yadira akautazama mlango.

"Anakungoja huko, mtoto!" Bi Oelkers akasema bila kugeuza kichwa. "Au nikupigie kengele?"

Akatoka mbio. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la kanisa, na Wendell alikuwa amesimama kando ya gari lake la mabomba.

Akaisema. Kwa Kihispania, mwanzo hadi mwisho. Vitenzi vilikuwa vimevunjika miguu, wanaume wamekuwa wanawake, wakati uliopita umekanyaga ujao. Lakini ndani yake kulikuwa na Yadira kwa jina, na vikombe vya miezi yote ile, na Jumapili aliyobeba viazi akitamani ardhi immeze, na kwamba anaogopa, na kwamba anampenda.

Alipomaliza hakuuliza amekosea wapi.

Na Yadira, mwalimu ambaye hakuwahi kuiacha koma ipite, hakumsahihisha hata neno. Alisimama tu, ameshika mlango wa gari, machozi na kicheko vinagombania uso mmoja. Kisha akakumbuka alikotoka, akajifuta.

"Wendell Kneupper."

"Naam."

"Jumapili, baada ya misa. Njoo na Bi Oelkers. Yaseme hayo hayo mbele ya mama yangu."

"Hayo hayo? Na makosa yake?"

"Na makosa yake yote," Yadira akasema. "Ila simu yako uiache garini."